Duka Lisilo na Kizingiti: Mfanyabiashara Mdogo na Soko la Intaneti



Katika mitaa yetu ya pwani, kuanzia Lamu mpaka Vanga, zimo biashara nyingi zisizo na ubao wa jina wala mlango wa duka. Ni achari inayopikwa uani, kofia za vito zinazoshonwa baada ya Alasiri, halua, viungo vya pilau, udi, mafuta ya nazi, mabuibui na mikeka ya ukili. Wenye biashara hizi aghalabu ni akina mama, na wateja wao ni majirani, jamaa na watu wa msikiti mmoja. Karo ya watoto hutoka humo, na dawa ya mzee hutoka humo.

Siku hizi akina mama hawa huambiwa kila upande kwamba soko la dunia nzima limo ndani ya simu zao, na kwamba asiyeingia amebaki nyuma. Wengine huwaonya kwamba huko kumejaa matapeli, na mtaji wa miaka 10 unaweza kuyeyuka kwa mwezi mmoja. Kati ya sauti hizo mbili amesimama mama mwenye shilingi zake chache, hajui aende wapi.

Wiki hii tumeonelea tulipime jambo hili kwa utulivu, kwa kurejea ile miaka ya mwanzo ambapo wafanyabiashara wadogo wa nchi nyingine waliulizana swali hilohilo. Tunaloliona sisi ni hili: anayenunua kwa mtandao hulipia ahadi kwanza, na bidhaa humfikia baadaye. Basi kabla mama hajauliza tovuti inagharimu kiasi gani, na ajiulize ni ahadi gani anayoweza kuitimiza siku baada ya siku bila kula hasara.

Mnunuzi wa mwanzo alikuwa bibi kizee

Wengi hudhani kwamba ununuzi wa mtandao ulianzishwa na vijana wa Marekani. Ukweli ni kuwa mwezi wa Mei 1984, katika mji wa Gateshead kaskazini mwa Uingereza, bibi wa miaka 72 aitwaye Jane Snowball alikaa nyumbani kwake, akashika rimoti ya televisheni, akaagiza majarini, mayai na konfleksi kutoka duka la Tesco. Televisheni yake ilikuwa imeunganishwa na kompyuta kwa waya wa simu, kwa njia ambayo Mwingereza Michael Aldrich aliibuni mwaka 1979. Halmashauri ya mji ilishiriki katika mpango huo ili kuwapunguzia taabu wazee ambao kwenda sokoni kulikuwa kazi nzito kwao. Vitu vililetwa mpaka mlangoni, na malipo yakatolewa mkononi.

Tukilitazama tukio hilo kwa makini tutaona ndani yake mambo yote ya biashara hii. Bibi alilijua duka, hakununua kwa mtu asiyemfahamu. Alichoagiza ni vitu ambavyo havihitaji kushikwa wala kuonjwa, kwani pakiti ya majarini ni ileile leo na kesho. Alikuwapo mtu wa kuuchukua mzigo na kuufikisha. Na fedha zilitoka baada ya mzigo kufika. Imani, maelezo, uchukuzi na malipo: miguu hii minne ndiyo iliyokibeba kiti, na waya wa simu ulikuwa kamba ya kuifungia tu.

Ufaransa nao walikuwa na chombo chao kiitwacho Minitel, kidude chenye skrini na vibonye ambacho tangu mwaka 1982 kilianza kugawiwa wenye simu bila malipo. Kwa kidude hicho watu walikata tiketi za treni na kuagiza bidhaa, na gharama ya huduma nyingi iliingizwa katika bili ya simu ya mwisho wa mwezi. Minitel iliendelea kutumika hadi mwaka 2012. Wafaransa waliiamini kwa sababu fedha zilipita mahali walipopazoea, yaani kwa kampuni yao ya simu. Jambo hili tuliweke akilini, kwa kuwa litatukuta tena hapa kwetu.

Duka la pilipili na duka la vitabu

Intaneti yenyewe hapo mwanzo haikuwa soko. Ule mtandao mkuu wa Marekani ulioitwa NSFNET ulikuwa wa vyuo na watafiti, na kanuni zake hazikuruhusu utumike kwa biashara. Uzio huo ulilegezwa kidogo kidogo, na mtandao huo ulipofungwa mwezi wa Aprili 1995, njia ikawa mikononi mwa makampuni. Kabla ya hapo, tarehe 11 Agosti 1994, kampuni ndogo iliyoitwa NetMarket ilikuwa imeuza sidii moja ya muziki kwa dola 12.48 bila gharama ya kuituma, na namba ya kadi ya mnunuzi ikapitishwa kwa maandishi ya siri ambayo mtu wa kati hawezi kuyasoma. Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo kama jambo la ajabu. Ajabu yake haikuwa sidii. Ilikuwa kwamba mtu amethubutu kukabidhi namba ya kadi yake kwa waya.

Mwaka huohuo wa 1994, katika mji wa Pasadena, California, duka dogo lililoitwa Hot Hot Hot lilifungua ukurasa wake wa kuuza sosi za pilipili. Mfano huu unatugusa sisi watu wa pwani, ambao chakula bila pilipili huona hakijakamilika. Mwenye sosi ya pilipili ana shida moja kubwa: mteja hawezi kuionja kwa kompyuta. Duka lile lilijaribu kuitatua kwa maneno. Mteja aliweza kuzitafuta sosi kwa kiwango cha ukali, kwa nchi zilikotoka, au kwa viungo vilivyotiwa ndani. Ulimi ulikosekana, maelezo yakashika nafasi yake. Tena pilipili ya chupa ina sifa zinazoifaa safari: ni ndogo, haiozi upesi, na mpenzi wake akiikosa mjini kwake yu tayari kuiagiza kutoka mbali.

Julai 1995 Jeff Bezos alifungua Amazon mjini Seattle, akaanza na vitabu peke yake. Kitabu hakivunjiki na hakichachi, na nakala iliyopo Seattle haina tofauti na iliyopo London. Zaidi ya hayo, hakuna duka la matofali linaloweza kuweka rafuni vitabu vyote vilivyochapishwa, ilhali orodha ya kompyuta haina mwisho. Hata hivyo kampuni hiyo haikupata faida ya mwaka mzima mpaka mwaka 2003. Ilihimili kwa kuwa nyuma yake walikuwapo matajiri wa kuimwagia fedha. Mama wa achari hana matajiri hao, na mfano wa Amazon asiuchukue wote.

Septemba ya mwaka huohuo wa 1995, Pierre Omidyar alianzisha mnada wa mtandaoni ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha mwanzo kuuzwa humo kilikuwa kikalamu cha mwanga wa leza, kibovu, na mtu alikinunua kwa dola 14.83 akijua kuwa ni kibovu. Kisa hiki watu hukicheka, lakini kina somo: muuzaji alitaja ubovu wa kitu chake, na mnunuzi akaridhia. Mwezi wa Februari 1996 mnada huo uliongeza mahali pa wateja kuandika sifa na lawama za kila muuzaji. Tangu hapo mtu asiyejulikana aliweza kujijengea jina, mauzo baada ya mauzo, kama vile muuza maziwa wa mtaani anavyojulikana kuwa hatii maji.

Mbio za sakafuni

Ilipofika mwaka 1999, tamaa iliingia. Kila mtu alitaka tovuti, na matajiri walitoa fedha bila kuuliza faida itatoka wapi. Kampuni ya Pets.com iliuza chakula cha mbwa na paka kwa mtandao, mara nyingi kwa bei iliyo chini ya gharama. Magunia ya chakula hicho ni mazito, na kuyasafirisha ni ghali. Kila mteja mpya akawa hasara mpya. Novemba 2000 kampuni ikafunga milango. Kampuni ya Webvan, iliyojitolea kupeleka vyakula majumbani, iliagiza maghala makubwa kwa mkataba wa dola bilioni 1 kabla haijathibitisha kuwa mzigo mmoja kwa nyumba moja unaweza kuleta faida. Julai 2001 ikatangaza kufilisika.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kompyuta za makampuni yale hazikuwa mbovu. Yaliangushwa na hesabu ambayo mama yeyote wa sokoni anaijua: ukiuza chini ya gharama, kuuza kwingi hakukuokoi, bali hukuzamisha upesi zaidi.

Kwa nini hapa kwetu ilichelewa

Intaneti ilifika Kenya katikati ya miaka ya 1990. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Mombasa wa wakati huo, hata hivyo, soko hilo lilikuwa kama meli inayoonekana mbali baharini. Kompyuta ilikuwa ghali. Mtandao ulipita kwa waya wa simu, dakika kwa dakika, na mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti, kwa hiyo picha moja ya kofia iliweza kuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kadi za benki zilikuwa za watu wachache. Na lau mteja angepatikana, mzigo ungefikishwa wapi? Nyumba zetu nyingi hazina namba, mitaa mingi haina majina yaliyoandikwa, na anwani ya mtu ni sanduku la posta, ambalo mara nyingi ni la mwajiri au la shule.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni M-Pesa, iliyoanza mwezi wa Machi 2007. Kama Minitel ya Wafaransa, iliyapitisha malipo ndani ya chombo ambacho watu walikwisha kukizoea, yaani simu, na kumwezesha asiye na akaunti ya benki kulipa na kulipwa. La pili ni waya za chini ya bahari. Mwaka 2009 waya za TEAMS na SEACOM zilitia nanga hapa Mombasa, na tangu hapo mtandao ukawa mwepesi zaidi na bei yake ikashuka. Hivyo malipo na mawasiliano, vilivyokuwa vizuizi vikubwa, vimekuwa vyepesi. Miguu iliyobaki ya kile kiti, yaani imani, maelezo na uchukuzi, bado inamngoja mwenye biashara aichonge mwenyewe.

Maelezo na hukumu yake

Sisi Waislamu hatulianzi jambo hili mikono mitupu. Bi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara ambaye mali zake zilisafiri na misafara mpaka Sham, yeye akiwa Makka, kwa mikono ya watu aliowaamini. Biashara ya mbali inayoendeshwa na mwanamke aliye nyumbani kwake si jambo geni katika historia yetu.

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuvunwa. Hakuwakataza, ila aliwaelekeza kwamba malipo ya namna hiyo yawe kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Hayo ndiyo mauzo ya salam. Mnunuzi hutanguliza fedha, na muuzaji hubeba deni la bidhaa iliyoelezwa kwa sifa zake. Ukiitazama kwa makini, biashara nyingi ya mtandaoni ina sura hiyohiyo.

Kutokana na hapo mwenye biashara anapata mizani ya kuandikia maelezo yake. Kusema "achari tamu sana" si kipimo. Kusema "achari ya embe bichi, gramu 400, ina pilipili kali, mafuta ya simsim na siki, hukaa miezi mitatu ikifunguliwa na kuwekwa mahali pa baridi" ni kipimo, mradi iwe kweli. Kofia ya vito itajwe inchi za duara lake, aina ya kitambaa, imeshonwa kwa mkono au kwa mashine, na itakuwa tayari siku gani. Buibui litajwe urefu, upana wa mabega na aina ya nguo. Picha ipigwe kwenye mwanga wa mchana, na iwe ya kitu chenyewe kitakachouzwa. Kumwonyesha mtu picha nzuri ya mwenzako, kisha ukampelekea kitu kingine, ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia, na ghushi katika biashara ni jambo ambalo dini yetu imelikemea vikali.

Liko tena katazo la kuuza kitu usichokuwa nacho. Sahaba Hakim bin Hizam (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mteja anayetaka kitu ambacho yeye hana, amuuzie kisha aende kukinunua sokoni, akakatazwa. Mtindo wa siku hizi wa kutangaza bidhaa za duka jingine, kupokea fedha, kisha kukimbia kuzitafuta, uko karibu sana na katazo hilo. Anayetaka kuuza mali ya mwenziwe na awe wakala wake kwa makubaliano, aseme wazi, na ujira wake ujulikane.

Kwa wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ndio wengi pwani yetu, kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona kuna mjadala mzito. Kuuza kwa sifa, fedha zikitangulia, ni mlango uliofunguliwa na salam. Ndiyo sababu agizo la kofia ambayo haijashonwa wala haijalipiwa tunaona ni vyema lihesabiwe kuwa mapatano tu, na mauzo yakamilike siku ya kukabidhiana. Bidhaa zina hukumu tofauti, basi mwenye biashara na amfikie sheikh wake na bidhaa yake mkononi aulize kabla ya kuanza.

Mwisho ni haki ya kurudisha. Mteja aliyepokea kitu chenye aibu ambayo hakuambiwa ana khiyari ya kukirudisha. Hii ni haki yake, wala asifanywe kana kwamba anaomba hisani. Mwenye duka na aandike tangu mwanzo ni siku ngapi za kurudisha na nani atalipia nauli ya kurudi, ili jambo lisigeuke ugomvi. Biashara haigombi.

Hesabu ya chupa sita

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, ili kila mmoja atie bei zake mwenyewe. Mama anapika achari na kuiuza uani kwake kwa shilingi 300 chupa. Maembe, pilipili, mafuta na siki ni shilingi 110. Chupa na lebo ni 50. Moto wa kupikia ni 20. Jumla ni 180, na faida yake ni 120.

Anapata mteja wa Nairobi kwa njia ya simu, anayetaka chupa moja. Mteja anakubali kulipa shilingi 250 za kutuma kifurushi kwa basi. Mama naye anatoa boksi na karatasi za kuzuia kuvunjika, shilingi 60. Boda boda mpaka stesheni, 100. Na bando la intaneti, 10. Jumla ya gharama mpya ni 170. Faida ya 120 imemezwa, na mama amepata hasara ya shilingi 50 huku akifurahi kwamba ameuza mpaka Nairobi. Mteja naye amelipa 550 kwa achari ya 300, na huenda asirudi. Hii ndiyo Webvan ndani ya jiko letu.

Lakini mteja huyo, au yeye na shoga zake, wakichukua chupa sita kwa pamoja, mambo hubadilika. Faida ya chupa sita ni 720. Boksi kubwa ni 120, boda boda ni ileile 100, bando ni 10, jumla 230. Zinabaki shilingi 490, yaani kama 82 kwa kila chupa. Ikivunjika chupa moja njiani na mama akarudisha shilingi 300 za mteja, zinabaki 190. Bado amesimama, ila kwa mguu mmoja.

Kwa hesabu hii mama anajua la kutangaza: haungi chupa moja moja na safari ya mbali, anauza kwa kifungu cha sita. Au anateua siku moja ya juma ya kupeleka mizigo yote stesheni, ili boda boda moja ibebe maagizo matano. Au anaona kwamba bidhaa ya kuuza mbali ni viungo vya pilau vilivyosagwa, ambavyo ni vyepesi na havivunjiki, na achari inabaki ya majirani. Kofia ya vito ni nyepesi kuliko vyote, na mtu wa kwetu aliyeko ughaibuni anaweza kuithamini kuliko jirani. Si kila kinachouzika mtaani kinafaa kusafiri.

Humo hatujautaja ujira wa mama mwenyewe. Saa zake za kupika, kupiga picha na kujibu maswali usiku ni mali pia. Anayejipa ujira wa sufuri hajui kama biashara yake inaishi au inamla.

Nyumba, siri na usalama

Biashara ya nyumbani ikiingia mtandaoni, nyumba nayo huingia. Tunashauri mambo haya yazingatiwe na familia nzima, mume na mke wakishauriana.

Namba ya simu ya biashara iwe mbali na ya mama mwenyewe. Namba ya tili ya kupokelea malipo humwezesha mteja kuliona jina la biashara, na mama huepuka kuigawa namba yake kwa kila mtu. Picha za bidhaa zisionyeshe watoto, sebule wala mlango wa nyumba. Makabidhiano na mtu mgeni yafanyike mahali penye watu, dukani kwa jamaa au stesheni ya mabasi, na si lazima mama aende peke yake.

Matapeli wanao mtindo wa kutuma ujumbe wa kughushi ulioandikwa mfano wa ule wa M-Pesa. Basi asitazame ujumbe tu. Atazame salio lake ndipo autoe mzigo. Akipigiwa simu na mtu anayedai ametuma fedha kwa makosa na anataka arudishiwe haraka, asirudishe kwa mkono wake. Amwelekeze kwa kampuni ya simu. Namba ya siri haombwi na mtu mwaminifu yeyote.

Na majina, namba na anwani za wateja ni amana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data za watu inataka habari za mtu zisitumike ila kwa jambo alilozitolea. Sheria au bila sheria, kugawa namba ya mteja wa kike kwa watu baki ni kuvunja sitara yake.

Kwa wauzao vyakula, wakumbuke kibali cha afya cha kaunti na alama ya ubora ya KEBS. Jirani anakujua na jiko lako analijua. Mgeni wa mbali hana pengine pa kuegemea ila alama hiyo na jina lako.

Pa kuanzia

Tukirejea kwa yule mama aliyesimama kati ya sauti mbili, nasaha yetu ni fupi. Asikope ili kutengeneza tovuti. Achague bidhaa moja, iliyo nyepesi na isiyoharibika upesi. Aandike maelezo yake kwa kipimo, uzani na muda. Aanze na wateja wanaojuana na wateja wake, kwa njia ya simu aliyo nayo, na kila aliyeridhika amwombe aandike neno la ushuhuda. Afanye hivyo kwa miezi mitatu, akiandika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Atakayeitia katika vitendo kwenye biashara yake ya simu amepata kinga kubwa.

Baada ya miezi hiyo mitatu daftari litamjibu. Likionyesha faida baada ya boksi, nauli, chupa zilizovunjika na ujira wake, basi apanue, hatua kwa hatua. Likionyesha hasara, abaki na majirani zake bila haya. Uani palipomlea si mahali pa kudharauliwa, na riziki haipimwi kwa umbali wa mteja.

Mwenyezi Mungu azibariki biashara za halali za akina mama wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wafanyabiashara wakweli na waaminifu. Amin.